Habari Zangu Walizozijua Wengine

Mama yangu alivaa kitenge chake cha harusini siku aliyovuka ziwa kuja kunisemea uongo. Alikuwa amesuka nywele upya na kujipaka mafuta miguuni, na mkononi alishika mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa juani, zawadi ya mtaalamu ambaye hakuwahi kumwona. Nilimpokea gatini pa Kigongo aliposhuka kwenye kivuko. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini.

“Umekonda,” akasema.

Nilikuwa nimenenepa, hata sketi ilikuwa inanilalamikia. Hapo ndipo ningeshtuka kwamba mama amekuja na maneno yake tayari, ila sikushtuka. Mimi si mwepesi wa kushtukia mambo ya namna hiyo, na ndiyo hasa sababu iliyotupeleka kwa mtaalamu.

Nieleze kwanza ilikuwaje mwanamke mzima, mwenye mume na kazi, akahitaji kusemewa na mama yake.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Ni kazi iliyonifaa. Samaki hakuulizi umeamkaje, wala hasemi kitu akimaanisha kingine. Joto lake unalipima, harufu yake unaijua, unaandika namba, mnaachana kwa amani. Halafu wakubwa wakanipandisha cheo, wakidhani wananipa zawadi. Wakanitoa maabara, wakaniweka niwasimamie wanawake wanaokata minofu mezani. Sasa ikabidi nijue nani kanuna, nani anatania, nani kaachwa na mume na hivyo asisemeshwe leo. Siku moja mmoja wao aliniambia, “Bosi, leo umependeza, utatupeleka kula wapi?” Nikamweleza kwamba kantini kuna wali na maharage. Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, nikanyamaza kabla yao, kama nilivyofundishwa.

Kichwa kikaanza kuniuma. Nilikuwa nikirudi nyumbani naingia bafuni, nazima taa, nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka masikio yaache kupiga kelele. Hospitali wakapima malaria, wakapima presha, wakapima macho. Mwisho daktari akaniambia kichwa changu hakina ugonjwa, kimechoka tu, akanielekeza kwa mtaalamu wa saikolojia. Nilikasirika kweli. Kwetu mtu anayepelekwa kwa watu hao ni yule aliyeanza kuokota makopo. Nilikaa na kile cheti cha rufaa kwenye pochi kwa wiki kadhaa, mpaka siku niliyomfokea mwanamke mmoja kazini kwa sababu alikuwa akitafuna mahindi karibu yangu. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kutafuna. Kesho yake nikaenda.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa kijana kutoka Bukoba, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji. Alinipa sentensi za kuwekea alama: nakubali, nakubali kidogo, sikubali. Ya kwanza ilinichelewesha kupita kiasi. Ilisema napenda kufanya mambo pamoja na watu kuliko peke yangu. Mambo gani? Kuhamisha kabati napenda na watu. Kuoga, hapana. Nikayaandika hayo pembeni, kwa kila sentensi, mpaka nafasi ikaisha nikageuza nyuma ya karatasi. Aliposoma alitabasamu, akaniambia watu wengi huweka alama tu wakaendelea.

“Bila kujua wameulizwa nini?” nikauliza.

Akaandika kitu.

Tulionana tena na tena. Alinionyesha picha za macho ya watu, macho matupu bila uso, nichague neno: ana hofu, ana wivu, anatania. Nilizipata nyingi, kwa sababu nilitafuta mikunjo na weupe kama ninavyokagua samaki aliyeanza kuharibika. Yeye hakujali sana nimepata ngapi. Alikuwa akiangalia ninavyohangaika. Alinipa picha zisizo na maneno nimtungie hadithi, nami nikamweleza kila kilichokuwamo, mti, baiskeli, mbwa, mawingu, nikanyamaza. Akauliza yule mtu kwenye baiskeli anajisikiaje. Nikasema haijaandikwa.

Kuna swali alilifuta mwenyewe. Lilihusu kumtazama mtu machoni. Alisema swali hilo limetungwa kwa ajili ya nchi za watu, hapa kwetu halisaidii kitu, na nilimpenda kwa hilo. Mtoto wa kike aliyelelewa Usukuma akimkazia mkubwa macho anaambiwa hana adabu; akiangalia chini anasifiwa. Nilisifiwa sana mimi. Nilipiga magoti, nikaangalia mchanga, nikasema maneno yaleyale kila siku kwa mpangilio uleule, kijiji kikasema mtoto yule amefundwa. Hawakujua kwamba ule mchanga ulikuwa mapumziko yangu.

Mwisho akalitaja neno lenyewe, usonji. Nikamwambia amekosea mtu. Usonji nilikuwa naujua kwa watoto wasiosema, wanaojipigapiga, wanaofungiwa ndani wageni wakija. Akanieleza taratibu kwamba upo pia wa kujificha, kwamba kuna watu wazima na vijana wa sekondari, hasa wasichana, waliojifunza kuwaiga wenzao vizuri mpaka hata wao wenyewe hawajioni. Wanachokiona ni uchovu. Nilikuwa nahesabu mbao za dari, maana sikutaka kulia mbele ya kijana.

Lakini hakutaka kuandika hitimisho bila kusikia habari za utoto wangu. Usonji mtu anazaliwa nao, alisema, kwa hiyo lazima apatikane mtu aliyeniona nikiwa mdogo. Baba amefariki. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki. Alikuwepo mama peke yake, huko Sengerema.

Nataka ieleweke nilikuwa natafuta nini. Sikutafuta dawa, wala huruma. Maisha yangu yote nimeambiwa nina roho ngumu, najisikia, nina dharau. Nimeambiwa msibani, nimeambiwa kanisani, nimeambiwa kazini. Nilitaka kujua kama mimi ni mtu mbaya au ni mtu wa namna fulani. Ni hilo tu. Na ufunguo wa jibu hilo alikuwa nao mwanamke mmoja, aliyevaa kitenge cha harusini, aliyeketi kando yangu akiwa amepakata mfuko wa michembe.

Kijana alimwamkia vizuri, akamweleza kwamba hakuna jibu zuri wala baya. Kisha akaanza.

“Mama, alipokuwa mdogo, alipenda kucheza na wenzake?”

“Sana, dokta! Huyu? Kumwita aje kula ilikuwa kazi.”

Niligeuka nikamtazama. Mimi nilicheza peke yangu nyuma ya jiko, nikirudia kwa sauti matangazo ya vifo ya redioni, neno kwa neno, na majina ya ndugu wote wa marehemu na mahali walipo. Mama mwenyewe ndiye aliyeanza kuificha redio, akihofia majirani watasema naita mauti.

“Kulikuwa na vitu vilivyokuwa vinamkera? Kelele, nguo, kuguswa?”

“Aa, hakuna. Mtoto wa kubebwa na kila mtu.”

Sweta ya shule niliivaa nje ndani mpaka darasa la saba kwa sababu ya mishono. Shangazi aliyejaribu kunishika kichwa kwa nguvu nilimng’ata.

“Akibadilishiwa utaratibu je? Mfano njia ya kwenda shule.”

“Anafurahi tu. Alikuwa mtoto wa kufurahi.”

Alijibu hivyo mpaka mwisho, akitabasamu na kunisifu. Alinisifu kwa sauti ya mtu anayetembeza nguo mnadani. Kijana naye si mjinga, akageukia kwangu. “Wewe mwenyewe unakumbukaje?”

Nikafungua mdomo. Mama akakohoa.

Kikohozi hicho nakijua. Kilikuwa chetu wawili. Nilipokuwa mtoto, kila asubuhi kabla ya shule mama alinisimamisha mlangoni akanifundisha watu: ukikutana na mtu uliza za nyumbani, uliza watoto, uliza mvua, halafu nenda. Mtu akicheka nawe cheka, ila nyamaza kabla yake. Usieleze. Na tukiwa mbele za watu, nikianza kueleza, alikohoa mara moja, kavu, nami nikafunga mdomo. Nilikuwa nadhani kila mtoto ana kikohozi chake kwa mama yake. Basi pale ofisini, mtu mzima, msimamizi wa wanawake chungu nzima, mama akakohoa na mimi nikafunga mdomo. Nikasema, “Sikumbuki vizuri.”

Kijana akatazama karatasi zake kwa muda. Akasema kwa maelezo ya mama hawezi kuandika kwamba ni usonji. Huenda ni msongo wa kazi, nipumzike, tutaona mbele ya safari. Aliniambia pia, kwa sauti ya chini tulipokuwa tunaagana, kwamba kama mama atapenda kuongeza chochote anaweza hata kupiga simu. Mama akampa michembe yake. Akashukuru kwa mikono miwili.

Nilimrudisha Kigongo. Njia nzima alizungumzia bei ya pamba na jirani aliyefiwa na ng’ombe. Tukakaa kwenye benchi kusubiri kivuko kirudi kutoka Busisi, nikamuuliza kwa nini amefanya vile.

“Vile vipi?”

“Umesema uongo, mama. Mwanzo mpaka mwisho.”

“Yule kijana alikuwa anaandika,” akasema.

“Ndiyo kazi yake.”

“Kazi yake nzuri. Kesho hayo maandishi yako kazini kwako, keshokutwa yako kanisani. Huna kitu wewe. Umesoma, umeolewa, umepewa cheo. Mgonjwa anapewa cheo?” Akajifunga kitenge vizuri. “Nenda nyumbani, mwanangu, mumeo anakusubiri. Mshukuru Mungu.”

Akapanda kivuko bila kugeuka nyuma. Nilibaki pale nimekaa, wauza samaki wa kukaanga wakinipitishia sinia mbele ya pua. Mama yangu alikuwa amenigeuka. Sina neno jingine. Nilimwomba kitu kimoja katika maisha yangu ya utu uzima, aseme alichokiona kwa macho yake, akaninyima, tena akaninyima kwa kunisifu, nisipate hata pa kulalamikia.

Nilijifariji kwa jambo moja. Nyumbani kuna mtu anayenijua.

Mume wangu anauza vifaa vya ujenzi Buswelu, na jinsi kunavyojengwa huko hakosi wateja. Si mtu wa maneno mengi. Tangu tuoane, akifika getini hupiga mluzi kwanza, nisishtuke. Wageni wakitaka kuja ananiambia siku moja kabla, na wakija ghafla anakaa nao nje kwanza, ananiacha nijiandae. Mboga yangu anaitenga na ugali, visigusane. Nikirudi kazini haniulizi kitu mpaka mimi mwenyewe nianze. Hajawahi kunishika kutoka nyuma, hata kwa utani. Wanawake wenzangu wakilalamika kuhusu waume zao mimi hunyamaza, maana ningesema nini? Kwamba yupo mtu duniani aliyenitazama akanielewa bila kuelezwa? Nilikuwa naona ni kama kujigamba. Mama yake naye, Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo. Kwenye shughuli zote za ukoo hakuniweka na wanawake wanaoimba na kucheka. Alinipa kazi ya nyuma, nisimamie mchele, nihesabu sahani, akisema hizo kazi anamwamini mkwe wake tu. Nilimlilia mama mkwe yule kuliko nilivyomlilia baba yangu, na watu wakashangaa, kwa sababu baba sikumlilia hadharani kabisa.

Jumapili baada ya ibada tulikaa barazani tunakunywa chai, nikamsimulia mume wangu yote. Swali kwa swali. Alisikiliza, uso ukimbadilika, na nilifurahi kuona anakasirika kwa niaba yangu. Nilipofika kwenye “mtoto wa kubebwa na kila mtu” aliweka kikombe chini kwa kishindo.

“Mama amesema hivyo? Mama huyuhuyu? Si yeye aliyemwambia mama yangu siku ya mahari kwamba usiguswe kichwa, kwamba—”

Akakiokota kikombe tena, akakitazama ndani.

“Kwamba nini?” nikasema.

Kwetu, kabla ya ng’ombe kukubaliwa, familia mbili huulizana. Wanaume wako nje wanabishana kuhusu idadi na madume, hayo ndiyo wageni huyaona. Lakini kuna mazungumzo mengine, ya mama wawili, jikoni, milango imefungwa. Mama wa kijana anauliza: huyu binti yenu ana nini ambacho tukikigundua baadaye tutasema mmetuuzia kitu kibovu? Na mama wa binti anatakiwa aseme ukweli mtupu, kifafa, kukojoa kitandani, hasira, chochote, kwa sababu kilichosemwa jikoni hakiwezi kurudi kuwa sababu ya kudai ng’ombe. Akificha, ni aibu ya ukoo mzima. Binti mwenyewe hayupo. Amefichwa nyumba nyingine na wasichana wenzake anachekeshwa. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chumba cha pili, najikaza kucheka na kunyamaza kabla yao.

Na huko jikoni mama yangu alikuwa anasema kila kitu. Mume wangu alinieleza yote, maana sikumwacha aondoke. Mama yangu alisema: usimshtue. Usimguse kichwa. Chakula chake kisichanganywe. Mgeni asije bila yeye kuambiwa. Akinyamaza msimfuate, atarudi mwenyewe. Msimweke kwenye kelele za wanawake, mpeni kazi ya kuhesabu, atawafanyia kwa moyo wote. Ukimwambia neno, lisiwe na mafumbo. Hana dharau, ndivyo alivyo, kazaliwa hivyo. Mama mkwe akayashika yote, akaenda nyumbani akamkalisha mwanawe, akamfundisha.

“Na ule mluzi?” nikauliza.

“Mama yangu ndiye aliyeufikiria.”

Sijui kama naweza kueleza kilichonipata. Kupigwa butwaa ni neno dogo. Ilikuwa kama mtu ameingia nyumbani kwangu na kunionyesha kwamba kila kiti ninachokalia ni cha kuazima. Koo mbili zilikuwa zinanijua. Miaka yote hiyo nilikuwa najichosha kujificha mbele ya watu ambao tayari walikuwa wameshaelezwa, walikuwa wakinitazama nikiigiza, wakinionea huruma au wakinicheka, sijui. Nilizungukwa na watu wote niliowapenda. Mimi peke yangu ndiye ambaye sikuambiwa.

“Katika hayo yote,” nikamuuliza mume wangu, “kuna hata kimoja ulichokijua mwenyewe? Ulichokiona kwangu bila kufundishwa?”

Alifikiri. Alifikiri mno. Mwanaume mwingine angedanganya hapo, na pengine ningemshukuru.

“Sikumbuki tena,” akasema, “kipi niliambiwa na kipi nilikijua. Nimeshazoea. Mke wangu, ningekuambiaje? Mama yangu alisema ni neno la jikoni, halitoki nje.”

Nikaingia ndani. Hakunifuata, na kwa mara ya kwanza kutofuatwa kuliniuma, kwa sababu nilijua ni maelekezo.

Jumamosi iliyofuata nikavuka. Mama alikuwa uani kwake amekaa kwenye kigoda anabangua karanga. Sikupiga goti. Nilisema shikamoo nimesimama, naye aliliona hilo na hakuitikia.

“Ulimwambia mama mkwe wangu,” nikasema. “Jikoni. Ulimwambia kila kitu.”

Mikono yake ilisimama kidogo, ikaendelea. “Mumeo ana mdomo.”

“Yeye ulimwambia. Mtu baki, siku aliyokuja kunichukua, ulimwambia. Dokta ukamdanganya. Na mimi?”

“Wale walikuwa wanakuchukua,” akasema kwa subira, kama anayemweleza mtoto. “Mtu anayechukua lazima aambiwe. Ningekutoa bila maneno, wangekupiga. Wangekurudisha. Nilikuombea njia kwa watu, ukapita, hakuna aliyekugusa. Yule dokta anakuchukua aende nawe wapi?”

“Na mimi?” nikarudia. “Kwa nini mimi hukuniambia?”

Hapo ndipo mama alipoinua uso akanitazama, na nikaona kwamba swali hilo hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Hakuwa anajitetea. Alishangaa kweli.

“Wewe si ndiye mwenyewe?” akasema. “Mtu anaambiwaje habari zake mwenyewe?”

Nilikaa chini, kwenye maganda ya karanga. Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu utoto, kwa sauti mbaya, na yeye hakunigusa, kwa kuwa anajua nisivyopenda. Nilimchukia kwa kujua. Nilimwambia kwamba nimeishi nikijiona mtu mbaya. Nilimwambia kwamba kila usiku kabla ya kulala nimekuwa nikipitia maneno yangu ya siku nzima kutafuta nilipowaudhi watu, na kwamba neno lake moja, lile alilompa mama wa mwanaume jikoni, kazaliwa hivyo, lingenitosha nikiwa na miaka kumi. Nilimpa simu. Nilimwambia namba ni ya yule kijana, amwambie alichokisema jikoni, la sivyo sitarudi tena kuvuka.

Alibangua karanga chache zaidi. Kisha akasema, “Piga.”

Kijana akapokea, nikaweka sauti ya wazi, simu ikakaa juu ya ungo kati yetu. Mama akaanza kwa Kiswahili, akakwama, akasukuma ungo, akaendelea kwa Kisukuma. Kijana hakijui. Kwa hiyo ikawa kazi yangu. Mama anasema, mimi natafsiri, kijana anaandika huko upande wa pili.

Nikatafsiri redio na matangazo ya vifo. Nikatafsiri sweta. Nikatafsiri siku aliyoniacha kwenye mlango wa duka sokoni akaniambia usiondoke mpaka nirudi, mvua ikanyesha, watu wote wakakimbilia ndani, akanikuta nimesimama palepale, maji yananitiririka, na mwenye duka akisema amenivuta mkono nikapiga mayowe. Nikatafsiri mambo niliyoyasahau na mengine nisiyoyajua kabisa: kwamba nilichelewa kuita mama lakini nilitaja majina ya ng’ombe wote, kwamba nilikuwa nikizunguka nguzo ya jiko mpaka nianguke. Hakusahau kitu. Aliyapanga yote kwa utaratibu, kichwa wima, macho kwenye karanga, na kila neno lilikuwa sahihi. Hilo lilinichoma kuliko ule uongo, kwamba alikuwa ameyatunza yote hivyo na hajawahi kunipa hata moja.

Kijana akashukuru. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema ana swali la mwisho: je, mtoto mwenyewe, wakati ule, aliwahi kujiona yuko tofauti na wenzake?

Nikamtafsiria mama. Hakuhitaji kufikiri. Alisema maneno machache, taratibu, na mimi nikaanza kuokota maganda ya karanga badala ya kutafsiri, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba niliuliza. Jibu lake, hilo sijalisahau, ndilo nimelifuata kila siku tangu hapo.

“Haloo?” kijana akasema. “Mama amesemaje?”

“Anasema nilimuuliza,” nikamwambia. “Tukitoka kisimani. Nilimuuliza mimi nina nini, mbona watu wananishinda. Anasema aliniambia sina kitu, nifanye bidii.”